Kununua monita ukiwa mwisho wa reli: mwongozo kamili kwa gemu, filamu na kazi

Kijana mmoja wa Katubuka aliingia steshenari kwangu hapa Mwanga, Kigoma, jasho likimtiririka. Nyuma yake bodaboda alikuwa amekumbatia monita ya inchi 22 iliyofungwa kwa kitenge. "Shikamoo dada. Hiki kioo kinagoma kuonyesha PS4." Nikaigeuza. Kwa nyuma ilikuwa na matundu mawili tu: la umeme, na lile la bluu lenye vitundu 15, yaani VGA. PS4, ile mashine ya kuchezea gemu, haijawahi kuwa na VGA. Picha yake hutoka kwa HDMI peke yake, lile tundu bapa linalobeba picha na sauti pamoja. Monita nzima, PS4 nzima, na hela ndiyo ilishaondoka.

Tukahangaika na kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye saketi ndani, maana waya mtupu wenye kichwa cha HDMI huku na VGA kule hautoi kitu. Picha ikaja, lakini ina ukungu. Monita ile ilikuwa ya pikseli (nukta zinazounda picha) 1680 kwa 1050, na PS4 inatoa 1920 kwa 1080 au 1280 kwa 720, basi kila picha inavutwa ili ienee. Sauti nayo hakuna, mpaka alipochomeka spika zake kwenye padi.

Tatizo ni kwamba tunanunua monita kama tunavyonunua televisheni: inchi ngapi, shilingi ngapi, funga tubebe. Inchi ni swali la pili. La kwanza liko nyuma ya mashine uliyonayo nyumbani.

Hatua ya 1: Geuza mashine, hesabu matundu

Piga picha ya nyuma ya kompyuta yako, au ya ubavuni kama ni laptopu, uende nayo dukani. Usitegemee kumbukumbu.

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua za mtumba zilitoka maofisini huko nje, na maofisi hayo yalipenda DisplayPort. Dell OptiPlex 7020 ya mwaka 2014, kwa mfano, ina VGA moja na DisplayPort mbili, HDMI haina. DisplayPort inafanana na HDMI ila kona yake moja imekatwa. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita, waya wa bei ya kawaida unafanya kazi vizuri. Kinyume chake, kutoka HDMI ya kompyuta kwenda monita yenye DisplayPort tupu, waya huohuo ukiugeuza haufanyi kitu. Unahitaji kigeuzi kingine chenye umeme wake. Muuzaji akikwambia "waya ni waya tu kaka," mwombe auwashe mbele yako.

Laptopu zenye tundu dogo la USB-C nazo zina mtego. Si kila USB-C inatoa picha. Tafuta alama ya DP (yaani DisplayPort) au ya radi pembeni mwa tundu. Alama isipokuwepo, jaribu kwa waya wa mtu kabla hujanunua wa kwako.

Halafu kuna toleo la HDMI. Laptopu za zamani zenye HDMI 1.4 zinaweza kuisukuma monita ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, lakini kwa picha 30 tu kwa sekunde. Ukisogeza mshale wa kipanya unauona unaburuzika kama mtu anayetembea kwenye tope. HDMI 2.0 inafikisha 60, na 2.1 inafikisha 120. Kama laptopu yako ni ya zamani, 4K isikupe presha. Utalipia pikseli 8,294,400 ambazo mashine yako haiwezi kuzilisha.

Hatua ya 2: Inchi, pikseli na mkono wako

Kaa mezani, nyoosha mkono. Pale vidole vinapofika, ndipo monita inapokaa: sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni. Kwa umbali huo ukubwa wa inchi una maana tu ukiuoanisha na idadi ya pikseli.

Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inatoa pikseli 92 hivi kwa kila inchi. Herufi zinasomeka vizuri. Ukipanua pikseli zilezile hadi inchi 27, zinashuka mpaka 82, na mtu anayeandika barua siku nzima ataanza kuona ngazi kwenye mikunjo ya herufi. Inchi 27 inataka 2560 kwa 1440, ambayo inakupa 109. Inchi 32 yenye pikseli hizohizo 2560 kwa 1440 inarudi palepale kwenye 92, kwa hiyo si vibaya, ila meza iwe pana.

Sasa televisheni, maana najua wengi mnaitolea macho ile ya inchi 32 sebuleni. Nyingi za ukubwa huo, hata zilizoandikwa HD kwa herufi za dhahabu, zina pikseli 1366 kwa 768. Hiyo ni pikseli 49 kwa inchi. Kwa kuangalia mpira kutoka kwenye kochi haina neno. Kwa kufungua Excel ukiwa umbali wa mkono ni adhabu. Ukilazimika kuitumia, ingia kwenye mipangilio ya picha, uzime ukuzaji unaokata kingo, na uchague hali ya PC kama ipo.

Monita za mraba za inchi 19 wengi huzidharau. Zina pikseli 1280 kwa 1024, na kimo cha kioo chake ni sentimita 30, sawasawa na kimo cha inchi 24 pana. Karatasi ya A4 ina sentimita 29.7. Kwa kazi ya kuchapa barua za maombi, mikataba ya viwanja na risala za harusi, mraba wa 19 unakuonyesha mistari karibu ileile ya monita mpya. Ninazo mbili na siziuzi.

Hatua ya 3: Kioo gani ndani

Aina za vioo utakazokutana nazo ni TN, IPS na VA. OLED ipo pia, rangi zake nyeusi ni nyeusi kweli, lakini picha isiyosogea ikikaa siku nyingi huacha kovu. Kwa steshenari ambako upau wa Windows haubanduki pale chini, iache.

TN ni ya bei nafuu na ina kasi, ila ukiinama kidogo rangi zinageuka kama filamu ya zamani iliyoanikwa juani. IPS haibadiliki ukiitazama kutoka pembeni, na rangi zake zinaaminika. VA ina weusi mzito: tofauti kati ya nyeupe na nyeusi ni karibu 3000 kwa 1, wakati IPS ya kawaida ni 1000 kwa 1. Kasoro ya VA ni kwamba vitu vya giza vikikimbia huacha mkia wa moshi nyuma yake.

Kama muuzaji hajui ni aina gani, shika monita, itazame kutoka chini kwenda juu. Picha ikiwa nyeusi kama hasi ya picha, ni TN.

Hatua ya 4: Kazi yako kuu ni ipi

Usiniambie zote tatu. Ipo moja inayolipa umeme.

Kwa kazi za ofisi na steshenari, ushauri wangu ni mfupi: monita mbili za mtumba za inchi 22 au 24 badala ya moja mpya ya 27. Kushoto fomu ya mteja iliyoskaniwa, kulia unachapa. Ukitengeneza picha za pasipoti na kadi za harusi, hakikisha walau moja ni IPS na inafikia karibu asilimia 100 ya rangi za sRGB, kipimo cha rangi kinachotumika kwenye kompyuta nyingi. Kioo kinachotajwa kuwa na asilimia 45 ya NTSC (kipimo kingine cha rangi) kinafubaza ngozi za watu. Unaongeza wekundu ili uso upendeze, printa inamtoa bibi harusi akiwa amekolea kama mawese.

Kwa filamu na tamthilia, chukua VA, kaa kwenye chumba chenye giza, na utenge hela ya spika. Monita nyingi hazina spika kabisa, na zilizo nazo sauti yake ni ya nyuki kwenye kopo. Angalia kama ina tundu la earphone kwa nyuma, maana sauti ikija kwa HDMI lazima itokee mahali. Maandishi ya HDR (picha yenye mwanga mkali na giza zito kwa pamoja) kwenye monita za bei ya chini yapuuze: kioo kinaipokea ishara, lakini hakina mwanga wa kuionyesha. Monita za kupinda nazo, kwenye inchi 24 ni pambo. Ukifika inchi 34 zile ndefu, hapo mpindo una kazi.

Gemu ndiyo yenye maneno mengi, tuende polepole.

Kinachouzwa sana ni hezi, yaani mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde. Hezi 60 ni picha mpya kila milisekunde 16.7. Hezi 144 ni kila milisekunde 6.9. Tofauti hiyo jicho linaiona, hata mama yangu aliiona aliposogeza dirisha la WhatsApp. Kutoka 144 hadi 240 unapata milisekunde 2.8 tu za nyongeza, na hizo waachie wanaocheza kwa kulipwa.

Lakini hezi zinataka mashine ya kuzijaza. PS4 inaishia 60, hivyo kibanda cha gemu chenye PS4 nne hakina sababu ya kununua monita za hezi 144. PS5 inafika 120, na tangu mwaka 2022 inakubali pia pikseli 2560 kwa 1440, jambo ambalo mwanzoni haikuweza. Kwenye kompyuta, kadi ya picha kama GTX 1650 mahali pake ni 1920 kwa 1080. Ukiipa 1440, gemu nzito zitakuwa slaidi.

Kibandani watoto wawili wanakaa bega kwa bega, na nyuma yao wanasimama sita wanaosubiri zamu. Hakuna anayekitazama kioo kikiwa mbele yake moja kwa moja. Hapo TN ni ugomvi kila dakika ("mpira siuoni!"), chukua IPS. Kama unatumia televisheni, washa hali ya gemu kwenye mipangilio. Bila hiyo televisheni inapamba picha kwanza ndipo iionyeshe, na mchezaji anabonyeza shuti mpira ukiwa umeshanyang'anywa.

Ile "1 ms" iliyochorwa kwenye boksi, yaani kioo kubadili rangi kwa milisekunde moja, isikununue. Mara nyingi kasi hiyo hupatikana kwa kukisukuma kioo hadi vitu vinaacha vivuli, na hakuna anayecheza hivyo. FreeSync au G-Sync ni ya maana zaidi: inakifanya kioo kiisubiri kadi, picha isikatike katikati.

Na kwa mnaocheza mtandaoni kutoka huku kwetu: seva nyingi ziko mbali, ishara inavuka nchi kadhaa na kurudi. Ukiwa na ping (muda wa ishara kwenda na kurudi) ya milisekunde 180, monita mpya haitakuokoa. Hela hiyo iweke kwenye intaneti.

Hatua ya 5: Jua la ziwani na umeme wa kwetu

Kigoma jua linazama upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Ukiwa na ofisi yenye dirisha linalotazama ziwa, kuanzia saa kumi alasiri mwanga unaingia moja kwa moja mezani. Monita yenye uso unaong'aa itakuonyesha sura yako na pazia. Nunua yenye uso mkavu usioakisi. Mwanga wake usipungue niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), na kwa chumba cha aina hiyo 300 au 350 ni bora. Kabla hata ya kununua, geuza meza dirisha liwe ubavuni. Hiyo ni bure.

Upande wa umeme, monita ya LED ya inchi 24 hula wati 15 hadi 25, wakati zile nene za zamani zenye taa za mirija hula 30 hadi 50. UPS ndogo, ile betri ya akiba umeme ukikatika, inaibeba ya LED vizuri. Kinachoua monita ni umeme unaporudi kwa kishindo, na radi za kuanzia Oktoba hadi Mei. Ukikatika, chomoa. Wingu likikaa vibaya juu ya Bangwe, chomoa.

Monita zenye adapta ya nje zina faida kwa wanaotumia sola. Soma kibandiko cha nyuma: kama ni volti 12, inaweza kutumia betri, ila weka kidhibiti cha volti katikati kwa sababu betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14 na zaidi. Kama ni volti 19, usiiingize kwenye 12, wala usichomeke chaja yoyote ya laptopu kwa kuwa tu kichwa kimeingia. Linganisha namba.

Hatua ya 6: Dakika kumi kabla ya kulipa

Nenda na flashi yenye picha tano zilizojaa rangi moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Na karatasi nyeupe ya A4, usisahau.

Washa monita, iache kwanza dakika tano. Weka nyeupe, shika karatasi pembeni mwa kioo. Monita iliyochoka inaonekana ya njano au ya waridi ukilinganisha na karatasi. Bila karatasi jicho linazoea na kukudanganya. Pitia rangi zote ukitafuta nukta iliyokufa. Moja pembeni unaweza kuvumilia na kuombea punguzo, katikati usikubali. Weka nyeusi, omba wazime taa ya duka: mwanga ukivuja kwenye kona kama taa ya gari kwenye ukungu, huenda iliwahi kubanwa au kuangushwa, au ilitoka hivyo kiwandani.

Punguza mwanga hadi robo, elekeza kamera ya simu kwenye kioo. Ukiona michirizi minene inatembea, taa yake inawaka na kuzima kwa kasi, na wapo wanaoumwa kichwa kwa hilo. Bonyeza kila kitufe. Nyingine za ofisini huja zimefungwa menyu. Jaribu kushikilia kitufe cha menyu sekunde 10 hadi 15. Isipofunguka, huwezi kurekebisha mwanga, na bei ishuke.

Isiyo na mguu usiikimbie. Nyuma angalia mashimo manne ya skrubu yaliyopangwa mraba wa milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75. Skrubu zake ni za M4, na fundi wa kuchomelea atakutengenezea kishikio cha ukutani kwa bei ya chini kuliko mguu wa kiwandani.

Hatua ya 7: Ikiwa inatoka Dar

Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na barabara nayo si fupi. Mara yangu ya kwanza niliagiza monita ya inchi 24, ikaja kwa basi. Nikafika stendi jioni, boksi limekaa vizuri, hata kona halijabonyea. Nikasaini. Nyumbani nikaiwasha: wino mweusi umetapakaa kona ya kulia, na kutoka hapo mistari ya zambarau imeshuka hadi chini. Kwa nje kioo hakina hata mkwaruzo. Nikarudi kesho yake, nikaonyeshwa sahihi yangu.

Tangu hapo namwambia muuzaji hivi: nirekodie video monita ikiwaka, uonyeshe na namba ya nyuma, kisha uifunge mbele ya kamera. Kioo kilindwe kwa ubao mwembamba au kadibodi nene mbili, sponji pande zote, na boksi lisafiri limesimama. Likilazwa, juu yake utakuja mzigo wa mtu. Ukilipokea, fungua palepale ofisini kwao na uiwashe monita kabla ya kusaini. Watanung'unika. Waache wanung'unike, kubadilisha kioo kilichovunjika hukaribia bei ya monita nzima.

Hatua ya 8: Ukishaifikisha mezani

Kama kompyuta ina kadi ya picha, waya uchomeke kwenye tundu la kadi, yale yaliyolala chini, si lile la juu karibu na USB. Nimemkuta mtu wa Gungu amecheza miezi mitatu na kadi yake haijafanya kazi hata siku moja.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Display, halafu Advanced display, uchague hezi za juu. Windows mara nyingi inaiacha monita ya 144 kwenye 60, na wenyewe hawajui. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo. Vitabu viwili vya zamani chini ya mguu vinatosha. Kufuta vumbi tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, monita ikiwa imezimwa. Spiriti na dawa ya vioo vya dirisha huweza kuharibu ule uso mkavu ulioulipia.

La mwisho ni wadudu. Usiku, hasa mvua zikianza, vidudu vidogo kama punje ya ufuta hufuata mwanga na kupenya hadi ndani, kati ya taa na kioo. Unakiona kinatembea juu ya barua ya mteja na ukikifuta hakifutiki. Usikibonyeze. Ukikibonyeza kitafia hapohapo, na utakuwa na nukta nyeusi kwenye kioo miaka yote. Zima monita, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu pembeni mwa kioo, uende ukale. Ukirudi mara nyingi kimeshatoka kwa miguu yake.